Nionyeshe Fomu

Tarehe 16 Agosti 2022, siku moja tu baada ya William Ruto kutangazwa mshindi wa urais wa Kenya, makamishna wanne wa tume ya uchaguzi, IEBC, waliwaita wanahabari katika hoteli ya Serena, Nairobi, wakaeleza kwa nini wanayakana matokeo yaliyosomwa na mwenyekiti wao, Wafula Chebukati. Moja ya sababu zao ilikuwa hesabu. Juliana Cherera, makamu mwenyekiti, alizitaja asilimia za wagombea wanne: Ruto 50.49, Raila Odinga 48.85, George Wajackoyah 0.44, David Mwaure 0.23. Ukizijumlisha zinafika 100.01. Na hiyo 0.01 iliyozidi, akasema, ni kura zipatazo 142,000, kiasi cha kuleta tofauti kubwa katika matokeo.

Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu. Nimestaafu sasa, lakini miaka yangu ya kazi niliimaliza katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, nikiandika nani kalipa ushuru gani kwa kontena gani, na mkono haujaacha tabia: nikisikia tarakimu, natafuta kalamu. Kura halali zilikuwa milioni 14.2. Asilimia moja ya hizo ni 142,000. Asilimia 0.01 ni 1,420. Nukta ilikuwa imeteleza mara mbili. Na hapo hatujagusa kiini chenyewe, maana hata hizo 1,420 hazikuwako. Ruto alikuwa na 50.4899, ikapandishwa kuwa 50.49. Raila 48.849, ikapandishwa kuwa 48.85. Wajackoyah 0.436 ikawa 0.44, na Mwaure 0.225 na ushei ikawa 0.23. Wote wanne walipandishwa kidogo ili zibaki tarakimu mbili baada ya nukta. Kusanya vipande hivyo vidogo vinne, utaikuta ile 0.01. Si kura ya mtu.

Runinga zilikuwa zikirusha taarifa ile moja kwa moja. Ilikwishafika Lodwar na Lamu, na pengine Muscat, kabla aliyeketi studio hajafikiria kuigawanya milioni 14.2 kwa chochote. Saa chache baadaye watu wa kawaida waliijibu mitandaoni, wengine kwa picha za karatasi walizoandika kwa mkono, na kufikia kesho yake hoja ya asilimia ilikuwa imechakaa, ingawa madai mengine ya makamishna wale yalikwenda hadi mahakamani.

Wako wanaosema mkutano ule haukupaswa kurushwa hewani. Mimi siko nao. Nilikuwa mtu mzima mwaka 2007, na nakumbuka vizuri uchaguzi uliotangazwa mbele ya kamera ya mtu mmoja.

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 ukumbi wa KICC jijini Nairobi, matokeo yalikosubiriwa, ulivurugika, wanahabari wakatolewa nje, na Samuel Kivuitu, aliyekuwa mwenyekiti wa tume wakati huo, akamtangaza Mwai Kibaki mshindi huku akirekodiwa na KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake. Magharibi ikiingia, Kibaki alikuwa ameshaapishwa Ikulu. Siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Sisi kwetu Mombasa tulikaa na redio ndogo, tukibadilisha stesheni, tunapata muziki na maombi. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe alinukuliwa akisema hajui kama Kibaki alishinda. Waliouawa katika ghasia zilizofuata walipita 1,100, na waliotoroka makwao ni mamia ya maelfu.

Ni haki kusema pia kwamba si kila redio ilikuwa imenyamazishwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilizilaumu baadhi ya stesheni za lugha za mama kwa kuchochea, na mtangazaji mmoja wa Kass FM, Joshua arap Sang, alipelekwa hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague. Kesi yake, aliyoshtakiwa pamoja na Ruto, ilikatizwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi. Kwa hiyo nikisema vyombo vya habari huru simaanishi mtu kupewa kipaza sauti na kuachwa. Katiba ya 2010 yenyewe inalinda uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34, na kifungu kinachotangulia kinasema uhuru wa kujieleza hauhusu uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki.

Lakini katiba haihesabu kura. Kilichobadilika tangu 2007 hadi 2022, na ndicho ninachotaka msomaji akijue kwa undani, ni karatasi moja iitwayo Fomu 34A.

Kura zikishahesabiwa kituoni, msimamizi wa kituo huijaza fomu hii: jina la kaunti, eneo bunge, wadi, kituo, idadi ya waliosajiliwa, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa, jumla ya kura halali. Chini yake mawakala wa vyama huandika majina yao na kutia sahihi, na wakikataa kutia sahihi wana nafasi ya kusema kwa nini. Msimamizi huipiga picha kwa kifaa cha tume kiitwacho KIEMS na kuituma Nairobi. Kila wakala hupata nakala. Na nakala moja hubandikwa pale mlangoni pa kituo, mwenye macho asome. Fomu 34B hukusanya hesabu za eneo bunge zima, na 34C za nchi, lakini hizo mbili ni majumlisho tu. Juni 2017, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho. Aliyeko Nairobi hana ruhusa ya kuyarekebisha.

Kwa lugha ya ofisini kwetu, 34C ni leja na 34A ni vocha. Leja inaweza kupendeza, mistari imenyooka, wino haujachuruzika, lakini mkaguzi wa hesabu akija hakai na leja. Anasema lete vocha. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wiki chache baada ya uamuzi huo wa Mahakama ya Rufaa, Agosti 2017, nchi ilikesha ikitazama tarakimu zikipanda kwenye skrini, na nyingi ya tarakimu hizo fomu zake hazikuwa zimeonekana. Tulitazamishwa leja. Upande wa Raila ukaenda mahakamani ukidai vocha, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaufuta uchaguzi, mara ya kwanza barani Afrika kwa mahakama kutengua ushindi wa rais aliye madarakani. Sheria ya uchaguzi nayo ilikuwa tayari inaitaka tume iweke fomu za matokeo kwenye tovuti ambayo umma unaweza kuifungua.

Ndipo ikaja 2022. Vituo vilikuwa 46,229. Kufikia jioni ya siku iliyofuata siku ya kura, sehemu kubwa mno ya fomu zilikuwa zimeshawekwa kwenye tovuti ya tume, picha kwa picha, na yeyote mwenye simu na bando angeweza kuzipakua. Tume yenyewe haikutoa jumla ya papo hapo kama ya 2017. Ilitoa karatasi, ikavitaka vyombo vya habari na wananchi wajijumlishie.

Mimi nilikuwa Nairobi wiki ile kwa shughuli za kifamilia. Binti wa kakangu, ambaye ni ripota, akanipigia. "Shangazi, si wewe ulikuwa unajumlisha manifesto ya meli nzima bila kalkuleta? Hapa wanatafuta watu wa kuingiza fomu." Nikaenda. Jina la chombo chenyewe si muhimu. Wote walikuwa wakifanya jambo lile lile, kila mmoja kwenye jengo lake.

Ungetegemea mitambo ya ajabu. Zilikuwa meza ndefu, kompyuta za mkopo, thamosi za chai na vijana wa chuo ambao macho yalikuwa mekundu kufikia alfajiri. Unafungua tovuti, unachagua kaunti, eneo bunge, wadi, kituo, unapakua, unasoma, unaandika kwenye jedwali la Excel, unarudi. Fomu moja, halafu nyingine. Mwenzako anairudia ile ile bila kuona ulichoandika, na mkitofautiana kiongozi wa meza anaifungua tena.

Kazi ile ilinifunza kuliko semina yoyote. Mwandiko wa msimamizi aliyekesha siku mbili si mwandiko wa kawaida: moja inafanana na saba, nne inafanana na tisa. Fomu nyingine imepigwa picha kwenye mwanga wa tochi, kona imekunjika juu ya jina la mgombea. Niliona moja ambayo msimamizi aliandika 214, akaikata kwa mstari, akaandika 241 juu yake na kutia sahihi kando ya lile kosa, kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe kusahihisha leja: usifute, kata kwa mstari ili kilichokuwako kisomeke. Nilimpenda mtu yule. Sijui ni mwalimu au ni nani, lakini alijua kwamba baada yake kuna atakayekagua. Fomu yenyewe ni ya Kiingereza kitupu, jambo ambalo bado linanikera katika nchi ambayo katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Kuna mambo ambayo karani wa fomu huyajua upesi na mtazamaji wa runinga hajui kabisa. Kwa mfano, sheria hairuhusu kituo kimoja kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Ndiyo maana shule moja ya msingi inaweza kuwa na vituo vitatu, vinne, na kila fomu inaandikwa ni kituo cha ngapi kati ya vingapi. Ukiona karatasi inayodai kura 812 katika kituo kimoja, usiende mbali. Tena, kura za wagombea zikijumlishwa lazima zilingane na jumla ya kura halali iliyoandikwa chini. Zisipolingana, huenda ni uchovu na huenda ni wizi, na njia ya kutofautisha ni kuangalia nakala ya wakala au ile iliyobandikwa mlangoni.

Sasa nje ya chumba kile, nchi ilikuwa ikishika tama. Stesheni hii ilikuwa na Raila mbele. Ukigeuza stesheni, Ruto yuko mbele. Saa ile ile. Watu wakaapa kwamba stesheni zimenunuliwa, kila mtu akiitaja ile asiyoipenda. Ukweli ulikuwa mkavu zaidi. Kila chombo kilianzia fomu zake mahali pake. Aliyetangulia kuingiza za Nyanza na za kwetu Pwani alimwona Raila akipaa; aliyetangulia Mlima Kenya na Bonde la Ufa alimwona Ruto. Wote walikuwa wakijumlisha sawasawa, ila walikuwa wamejumlisha vipande tofauti vya nchi moja. Idadi ya vituo vilivyokwisha kuhesabiwa mara nyingi iliwekwa kwenye kona ya skrini kwa herufi ndogo, huku nani anaongoza akiandikwa kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Baraza la Vyombo vya Habari likasema Wakenya wana wasiwasi na tofauti zile, na kwamba linashauriana na viongozi wa vyombo ili matokeo yawiane. Niliposikia neno kuwiana nilicheka peke yangu. Hesabu za wakaguzi wawili wanaofanya kazi mbalimbali hazipaswi kuwiana njiani. Zinawiana mwishoni, kama kazi ni safi, na kule kutofautiana njiani ndiko kunakokuhakikishia kwamba hawakunakiliana. Kilichohitajika ni mtangazaji mmoja kusimama mbele ya ramani dakika tano na kusema: mpaka sasa tumeingiza fomu hizi, za kaunti hizi, bado hizi, usishangae jirani yetu ana picha nyingine. Dakika tano. Badala yake tukapewa wachambuzi wenye tai, saa baada ya saa, wakijadili nani atampa nani wizara gani.

Halafu, siku zilivyosogea na fomu zikikaribia kwisha, majedwali yakaanza kuganda. Chombo kimoja baada ya kingine kikapunguza mwendo au kikaacha kabisa, na sababu zilizotolewa zilitofautiana. Mezani petu tuliambiwa tupumzike, tutaitwa. Hatukuitwa. Hapa ndipo lawama yangu ilipo, na ni nzito kuliko ile ya hesabu ya 100.01: vyombo vilikuwa na fomu mkononi, vilikuwa na watu, vilikuwa na sheria upande wao, kisha vikanyamaza zile siku ambazo nchi ilivihitaji zaidi, ikabidi wote tumsubiri mwenyekiti mmoja Bomas, kwenye ukumbi wa tume wa kujumlisha kura za nchi. Uhuru vilikuwa nao. Hakuna askari aliyeingia chumbani mwetu.

Kimya kile hakikukaa kitupu. Grupu ya WhatsApp ya ukoo wetu ina watu kutoka Likoni, Malindi, Nairobi, na binamu zetu walioko Muscat, ambao hupata kila kitu kabla yetu na huamini kila kitu zaidi yetu. Usiku wa tarehe 13 ikaingia picha ya fomu, imezungushiwa duara jekundu, na maneno: WIZI MCHANA KWEUPE, SAMBAZA KABLA HAIJAFUTWA. Mpwa wangu mmoja wa Malindi akaniandikia pembeni.

"Shangazi, hii umeiona?"

"Nimeiona. Ni ya kituo gani?"

"Sijui, nimeletewa."

"Basi wewe hujaiona bado. Kuza picha, nisomee jina la kituo."

Jina lilikuwa limekatwa. Lakini eneo bunge lilisomeka, na nusu ya jina la wadi. Nikamwelekeza kwenye tovuti ya tume, akaanza kupekua vituo vya wadi ile, kimoja kimoja, huku akinung'unika kwamba bando linakwisha. Ilimchukua karibu saa nzima. Akaipata: mwandiko ule ule, sahihi zile zile, ila tarakimu ya mgombea mmoja haikuwa ile ya kwenye picha, na ile ya kwenye picha ukiijumlisha na za wenzake haikulingana na jumla iliyoandikwa chini. Aliyeichezea alibadilisha mstari mmoja, akasahau kugusa jumla. Mpwa wangu akaziweka zote mbili kwenye grupu, ya duara na ya tovuti, sambamba. Hakuandika maneno mengi. Binamu yetu wa Muscat akajibu kwa rekodi ya sauti ya kumshukuru, kisha, Mungu anajua kwa nini, akatuma video ya mahubiri.

Nataka ieleweke kwamba mpwa wangu si mtaalamu. Amesoma hadi kidato cha nne, anauza vipuri vya bodaboda. Wako wanaofanya kazi hii ya kuhakiki habari kwa taaluma, kama Piga Firimbi na PesaCheck, na kazi yao naiheshimu, lakini wao ni wachache na uongo una miguu mingi. Alichokuwa nacho yeye ni mahali pa kutazama, na mtu wa kumwambia atazame wapi. Ukiondoa tovuti ile, ushauri wangu wote ungekuwa maneno matupu: ningemwambia "hakikisha" naye angeniuliza kwa kitu gani, nami nisingekuwa na jibu. Wanaohubiri kwamba wananchi wafundishwe kutambua habari za uongo, huku wakikalia nyaraka ambazo habari za kweli zingetoka humo, wananifanyia mzaha.

Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu, ikiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome, iliyatupilia mbali malalamiko ya kupinga matokeo kwa kauli moja. Majaji waliagiza fomu halisi zikaguliwe, na walisema hawakuona tofauti za maana kati ya zile za tovuti na za karatasi. Nani nilimpigia kura ni siri yangu, na sikufurahia kila kilichofuata. Lakini kufikia siku ile nilikuwa nimeshazishika fomu kwa mkono wangu, kwa hiyo nilisikiliza hukumu nikiwa na cha kuilinganisha nacho.

Nisije nikaonekana kama nasema mambo yametengemaa. Tarehe 30 Januari 2018, Raila alipojiapisha kuwa rais wa wananchi katika bustani ya Uhuru Park, serikali ilizizima Citizen, NTV, KTN News na Inooro, na Mahakama Kuu ilipoagiza zirudishwe agizo halikutiiwa papo hapo. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana kuwakumbuka wenzao waliouawa mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano ilivitaka vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, na mitambo ikazimwa, hadi mahakama ilipoingilia. Hizo ni njia za kelele za kuvifunga vyombo mdomo, na kelele huamsha watu. Njia ya kimya ni tangazo. Gazeti la Kenya haliishi kwa bei ya nakala. Linaishi kwa matangazo, na serikali ndiye mteja mkubwa, tena mteja mwenye deni. Machi 2024 wizara na mashirika ya umma yaliagizwa yapeleke matangazo yao KBC. Mhariri hahitaji kupigiwa simu baada ya hapo. Mimi nimekaa na daftari la wadaiwa miaka mingi. Mdaiwa mkubwa asiyelipa ana nguvu juu yako kuliko bosi.

Kuna jambo lilinipa moyo, na halikutoka kwenye chumba cha habari. Mwaka 2024, Muswada wa Fedha ulipoletwa bungeni na kodi ya asilimia 16 kwenye mkate na ya asilimia 2.5 kwa mwaka kwenye magari, vijana hawakungoja mchambuzi. Waliupakua muswada wenyewe, wakausoma kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, kwa Kiswahili, Kikamba, Kiluo, hata kwa lugha ya ishara. Msichana wa umri wa mjukuu wangu alikuwa akisema "fungua ukurasa fulani" kama mwalimu wa madrasa. Waandishi wa habari walifuata nyuma, wengine kwa aibu, wakianza nao kunukuu kurasa. Damu ya waandamanaji iliyomwagika tarehe 25 Juni mwaka huo siwezi kuiandika kwa wepesi, na haikupaswa kumwagika. Kesho yake rais alikataa kuutia sahihi muswada.

Mtaala mpya wa shule unautaja ujuzi wa dijitali kuwa moja ya stadi za msingi. Sawa. Mjukuu wangu wa darasa la sita ameshaonyeshwa jinsi ya kuwasha tableti na kuchora nyumba. Ningependa aonyeshwe Fomu 34A, halafu apewe nyingine iliyochezewa, aambiwe aitafute ilipoharibiwa. Mtoto wa darasa la sita anaweza kujumlisha safu ya tarakimu nne. Ningependa pia magazeti na runinga, kila zinapotaja tarakimu, ziseme zimeitoa wapi, na huo waraka uwekwe mahali msomaji anaweza kuufikia. Mhariri mmoja niliyemweleza hili alisema wasomaji watachoka. Pengine. Mpwa wangu hakuchoka, na bando lilikuwa lake.

Uchaguzi mwingine ni tarehe 10 Agosti 2027. Mpwa wangu kwa sasa yuko kwenye jambo jingine. Ofisi moja ya serikali karibu na kwao imebandika bango kwamba kisima kimechimbwa na kukamilika, na kiasi cha mamilioni kimeandikwa kwa rangi ya kijani. Kisima hakuna mtu aliyekiona. Redio ya mtaani ililizungumzia siku moja, ofisa akaja studio akasema ni kweli kimekamilika, kipindi kikaisha. Nilimwambia mpwa wangu kuhusu Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: mwananchi anaandika ombi, bila kulazimika kueleza analitakia nini, na ofisi ina siku 21 za kumjibu. Tuliliandika ombi pamoja kwenye simu, aya tatu, tukiomba mkataba, hati ya malipo na cheti cha kukamilika kwa kazi. Akalipeleka mwenyewe na nakala ya pili ili wampigie mhuri. Karani alimuuliza ametumwa na nani. Akasema ametumwa na shangazi yake. Mhuri ukapigwa, na siku 21 zinaisha Ijumaa.